Mji Hukua Mara Mbili

Ujumbe wa bili ya maji ulioingia kwenye simu yangu mwezi uliopita ulisema nimetumia uniti 14. Nyumbani tuko watano. Ng'ambo ya barabara anaishi mama mmoja anayeuza vitumbua. Yeye hana bomba. Ana madumu 6 ya lita 20, na kila alfajiri kijana wa mkokoteni anayapeleka kioskini na kuyarudisha yamejaa. Kwake wako sita. Sote tunaishi Dodoma, jua linalotuwakia ni moja, na vumbi linaloingia vyumbani mwetu ni lilelile.

Tuanze na hesabu, maana somo hili karibu lote ni hesabu ya shule ya msingi iliyofuatwa bila haraka. Uniti moja kwenye bili ni mita moja ya ujazo. Fikiria sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Likijazwa maji linachukua lita 1,000, sawa na madumu 50, na uzito wake ni tani nzima. Uniti 14 basi ni lita 14,000. Gawanya kwa siku 30, utapata lita 467 kwa siku. Gawanya kwa watu 5, ni lita 93 kwa kila mtu. Ng'ambo, madumu 6 ni lita 120, na kwa watu 6 kila mmoja ana lita 20.

Tofauti inakaribia mara 5. Je, sisi tuna kiu mara 5 kuliko wao? Mtu mzima anakunywa lita 2 au 3 kwa siku, na akishinda juani pengine 4 au zaidi. Ukijumlisha kunywa na kupika, hufiki lita 10. Kinachobaki ni kuoga, kufua, kuosha vyombo, kudeki na choo. Choo cha kuflashi kinameza lita 6 hadi 9 kila kinapovutwa. Mtu akikitumia mara 5 kwa siku ameshamaliza lita 30 au zaidi, na kwa choo peke yake amepita mgawo mzima wa mtu wa ng'ambo, kabla hajanawa uso.

Wahandisi wanapopanga maji ya mji huandika kanuni fupi sana: idadi ya watu, zidisha kwa lita za kila mtu. Namba ya kwanza inatoka kwenye sensa. Ya pili hutolewa kitabuni, na hapo ndipo mambo huharibikia, kwa sababu tunaizoea kana kwamba ni ya kudumu, kama joto la mwili wa binadamu. Mimi na jirani yangu tunaonyesha kuwa haidumu. Tupo hatua 30 mbali na namba zetu zinapishana mara 5.

Miaka ya 1960 mwanajiografia Mmarekani Gilbert White, mkewe Anne White na Mwingereza David Bradley walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji ya watu nyumba kwa nyumba, katika sehemu 34, Dodoma ikiwamo. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972. Jina hilo, wachota maji, limetoka katika Kitabu cha Yoshua. Walikuta mtu mwenye bomba nyumbani anatumia takriban lita 128 kwa siku, na asiye na bomba takriban lita 11. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi sehemu zilezile. Wasio na bomba walikuwa wamepanda hadi karibu lita 20. Wenye mabomba, kinyume na ambavyo mtu angetarajia, walikuwa wameshuka hadi lita 66 hivi. Si kwamba walijifunza kubana matumizi. Mabomba yalikuwa yaleyale, watu wameongezeka, na maji hayakutoka tena kila siku.

Waliokuja baadaye wakaona jambo jingine linaloshangaza. Ukichora kiasi cha maji anachotumia mtu kwa siku dhidi ya muda wa kwenda kuchota na kurudi, mchoro hauteremki taratibu kama mtelemko wa kilima. Bomba likiwa ndani ya nyumba, matumizi yako juu. Likitoka tu nje ya uzio, yanaporomoka. Kisha, kwa safari ya dakika 5 hata 30, yanabaki palepale, karibu bila kubadilika. Safari ikipita nusu saa, yanashuka tena. Maana yake ni kwamba ukimsogezea mtu kioski kutoka dakika 25 hadi dakika 10, umempunguzia uchovu na umemrudishia muda wake, jambo jema kabisa, lakini matumizi yake ya maji yatabaki karibu vilevile. Ukimvutia bomba hadi uani, umeumba mtumiaji mpya. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Kwa asiye na bomba, dira ya maji ni shingo yake, na dira hiyo haidanganyi.

Sasa turudi kwenye namba ya kwanza, ile ya vichwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022, Dodoma ikiwa imeshapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ilikuta 765,179. Ukuaji huo ni sawa na takriban asilimia 6.4 kila mwaka kwa wastani. Wastani huu unaficha mengi, kwa sababu tangazo la Serikali kuhamia Dodoma lilitolewa mwaka 2016 na wizara zikaanza kufungasha baada ya hapo. Uamuzi wenyewe wa makao makuu ni wa mwaka 1973. Ulikaa miaka mingi kwenye makaratasi kabla watu hawajaufuata. Kuna njia nyepesi ya kujua kitu kinachokua kwa asilimia fulani kitajirudufu lini: gawanya 70 kwa asilimia hiyo. Kwa 6.4 unapata miaka 11. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo, akimaliza kidato cha nne mji wake, kwa kasi hiyo, utakuwa na watu karibu mara 2.

Lakini vichwa havitoshi. Chukua mji wa mfano wenye watu 100,000. Nusu wana bomba na wanatumia lita 80 kila mmoja. Nusu wanachota kioskini, lita 20. Jumla ni lita milioni 5 kwa siku. Baada ya miaka 11 watu ni 200,000, na kwa kuwa mamlaka ya maji imefanya kazi yake vizuri, robo tatu yao sasa wana bomba. Watu 150,000 kwa lita 80 ni milioni 12. Watu 50,000 kwa lita 20 ni milioni 1. Jumla milioni 13. Watu wameongezeka mara 2, maji mara 2.6. Mji hukua mara mbili: kwa vichwa na kwa mabomba. Aliyepanga kwa vichwa peke yake atashangaa kwa nini kila akiunganisha wateja wapya, wateja wa zamani wanaanza kulalamika.

Na wanalalamika kweli. Malalamiko yenyewe yana umbo moja: maji yanatoka usiku wa manane, asubuhi hakuna; kwa jirani wa bondeni yapo, kwangu mlimani hayapo. Watu husema kuna mkono wa mtu. Huenda mara nyingine upo. Ila hata pasipokuwa na mkono wa mtu, maji yenyewe yana tabia inayotosha kuleta yote hayo, na tabia hiyo inafaa kuelezwa pole pole.

Toboa dumu matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, kisha lijaze maji. Tundu la chini litatoa maji kwa kasi kuliko yote. Kinachoyasukuma ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Ndiyo maana tangi la mji huwekwa juu ya kilima: tofauti ya kimo kati ya uso wa maji tangini na koki yako ndiyo nguvu inayokuletea maji. Mafundi huita presha, na huihesabu kwa mita. Nyumba iliyo mita 30 chini ya tangi ina mita 30 za presha, maji yakiwa yametulia tu ndani ya bomba.

Yakianza kutembea, sehemu ya presha inaliwa njiani. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hukwama, yale ya katikati hukimbia, na tabaka hizo zinasuguana. Jambo la kukumbuka ni kwamba msuguano huu hauongezeki sawa na mwendo. Ukipitisha maji mara 2 katika bomba lilelile, presha inayoliwa haiwi mara 2; inakuwa mara 3 na nusu na zaidi kidogo.

Ichukue nyumba yetu iliyo mita 30 chini ya tangi. Saa 4 asubuhi, mji umetulia, msuguano unakula mita 10, nyumba inabaki na mita 20, na maji yanatoka vizuri. Saa 12 na nusu asubuhi kila mtu anaoga, anachemsha chai, anaosha watoto. Mji unataka maji mara 2. Msuguano sasa unadai mita 36. Zilizopo ni 30. Koki inakohoa na kukauka, ilhali tangi kule kilimani limejaa. Mwananchi anayepita na kuona maji yanafurika kwenye tangi hilo ataapa kuwa anaonewa. Haonewi na tangi. Anaonewa na kipenyo cha bomba, lililolazwa wakati mtaa wake ulikuwa shamba la mtama.

Dawa yake ni bomba nene, na hapa hesabu inampendelea anayechimba. Bomba lenye kipenyo mara 2 linapitisha kiasi kilekile cha maji kwa msuguano mdogo karibu mara 30. Gharama kubwa katika kulaza bomba mara nyingi huwa ni mtaro, barabara inayokatwa na mikono inayofukia. Kuchagua bomba jembamba ili kuokoa fedha ni kama kushona suruali ya shule inayomtosha mtoto leo hii. Dawa nyingine ni kuweka matangi karibu na watu, yajazwe usiku bomba kuu likiwa limelegea, kisha yatoe asubuhi kwa njia fupi. Lakini viwanja Dodoma hupimwa kabla ya mabomba kufika. Mtu anajenga Iyumbu, Nala au Mtumba, anahamia, halafu ndipo maji yanaanza kumtafuta.

Maji yasipotosha, unakuja mgao, na mgao una madhara yake yenyewe. Kaa juu ya ghorofa yoyote Dodoma uangalie mapaa: simtanki nyeusi kila upande, nyingine juu ya minara ya zege iliyogharimu kuliko jiko la nyumba. Kila moja ni akili ya mwenye nyumba aliyekwisha kujifunza. Kwa pamoja, hata hivyo, zinabadilisha mji. Bomba linapofunguliwa Jumanne na Ijumaa, hakuna anayechota kiasi anachohitaji kwa siku hiyo. Kila mmoja anajaza tangi, koki zote zikiwa wazi kwa wakati mmoja. Ile saa 12 na nusu ya asubuhi inakuwa siku nzima. Wa bondeni wanajaza kwanza, wa mlimani wanapata mabaki, na wenye uwezo wanaunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, jambo lililokatazwa, wakinyonya hata yale mabaki.

Bomba linapofungwa, linabaki tupu. Bomba lililojaa likiwa na ufa huvujisha nje. Likiwa tupu, ufa uleule huvuta ndani chochote kilichosimama kando yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya maji ya kwanza baada ya mgao kuja na rangi ya chai, na busara ni kuyaacha yapite kwanza. Kabla yake hutoka hewa, ikipiga filimbi, na dira za aina fulani huzunguka kwa hewa hiyo. Niliwahi kuligombania hilo dirishani kwa mhudumu. Sikushinda, ila bado naamini nilikuwa na haki.

Ufa nao una hesabu yake. Tundu la milimita 2, upana wa njiti ya kiberiti, kwenye bomba lenye presha ya mita 30: maji yanatoka kwa mwendo wa mita 24 kwa sekunde, na kwa siku tundu hilo linamwaga takriban lita 4,000. Hayo ni madumu 200, maji ya nyumba ya jirani yangu kwa mwezi na siku kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa inakitoboa. Na tundu halilali. Usiku watu wanapofunga koki, msuguano unapungua, presha inapanda, na uvujaji unazidi. Kuna mafundi wanaotembea saa 8 usiku na fimbo ya chuma sikioni, ncha yake juu ya bomba, wakisikiliza sauti ya maji yanayopenya pasipotakiwa. Napenda kuwafikiria watu hao kuliko ninavyopenda kufikiria mabwawa makubwa. Kila tundu wanaloziba linaokoa maji ambayo tayari yamesukumwa, yametiwa klorini na yamefika mtaani.

Yametoka wapi lakini? Kwa miongo mingi, jibu la Dodoma limekuwa neno moja: Makutupora. Ni bonde lililo kaskazini ya mji, upande wa Mzakwe, lenye visima virefu vilivyochimbwa katika mwamba wa matale uliooza na kupasuka. Watu wengi hudhani chini ya ardhi kuna ziwa au mto. Hakuna. Kuna mwamba wenye nyufa na changarawe, na maji yamekaa katika nafasi hizo kama yanavyokaa kwenye mchanga wa ndoo. Ukimimina maji ndani ya ndoo iliyojaa mchanga utashangaa kiasi kinachoingia. Ukiyavuta tena, utashangaa yanavyotoka kwa uvivu.

Yanaingiaje humo? Kwa mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili, hesabu nzuri ya kumfundisha mtoto. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili kwa sehemu kubwa. Paa la mita za mraba 100 basi linapokea lita 57,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku 365 ni lita 156 kila siku, zaidi ya madumu yote ya jirani yangu. Kinachomshinda si mvua, ni miezi 7 ya kiangazi: kuivuka kwa kiasi hicho anahitaji kuhifadhi lita 33,000 hivi, karibu simtanki 7 za lita 5,000. Bei yake inazidi bei ya vitumbua vya miaka.

Ardhi nayo hukumbana na jambo hilohilo. Kufikia Novemba udongo umekauka miezi mingi, na unadai. Mvua ya kwanza hulipa deni la udongo. Ya pili pia. Katikati ya mvua na mvua jua linachukua chake, na jua la Dodoma lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa ya yale yanayonyesha kwa mwaka mzima. Katika msimu wa kawaida mahindi yanaweza kukomaa, majani yakaota, madimbwi yakajaa, na lisishuke hata tone hadi visimani. Kwamba mvua ilinyesha si ushahidi kuwa kisima kimepata kitu.

Makutupora kuna hazina ambayo sehemu chache sana barani Afrika zinayo: kina cha maji visimani kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Mchoro wake ni rahisi kuelezeka. Maji yanashuka, yanashuka, yanashuka, miaka kwa miaka, pampu zikivuta. Kisha msimu mmoja yanaruka juu. Kisha yanaanza kushuka tena. Misimu michache tu ya mvua kubwa mno ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya maji yote yaliyoingia katika nusu karne hiyo, na uliozidi yote ni msimu wa 1997 na 1998, mvua ambazo kila Mtanzania wa umri wangu anaziita Elinino, akikumbuka madaraja yaliyobebwa na reli iliyokatika.

Utafiti wa karibuni umeongeza kwamba maji hayo hayashuki sawasawa kila mahali shambani. Mengi hupenya kwenye vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo, siku zile chache inapopita na gharika. Mto huo kwa muda mrefu wa mwaka ni njia ya ng'ombe. Yanayokosa kuzama huendelea hadi Mkondoa, yakipitia Gulwe ambako yana ugomvi wa miaka mingi na reli, kisha Wami, kisha Bahari ya Hindi. Kwa hiyo gharika ileile inayomfilisi mtu wa bondeni ndiyo inayojaza benki ambayo mji utakula kwa miaka. Sijui mtu anapaswa kuomba dua gani.

Linganisha sasa saa mbili zinazokwenda. Moja ni ya mji: kama asilimia 6 kila mwaka kwa wastani, mwaka baada ya mwaka. Nyingine ni ya kisima: huenda miaka mingi bila kitu, halafu mara moja. Pampu inaweza kuongezwa ndani ya mwezi. Elinino haiongezwi na mtu. Kuongeza visima katika bonde lilelile ni kuongeza mirija katika glasi moja; inasaidia kunywa haraka. Ndiyo maana vimechimbwa visima kwingine, kama Nzuguni, na ndiyo maana kuna mpango wa bwawa la Farkwa wilayani Chemba, na mpango mwingine wa kuleta maji ya Ziwa Victoria.

Huo wa Ziwa Victoria ni mzuri kwa somo letu. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Dodoma mjini iko takriban mita 1,120. Anayeangalia namba hizo mbili tu atasema maji yatajiendea yenyewe, maana maji hufuata mkondo. Ila njia inapita Singida, na Singida iko kwenye mita 1,500 hivi. Dereva yeyote wa lori aliyepanda Sekenke na mzigo anaijua tofauti hiyo kwa mguu wake. Kila tani ya maji lazima ipandishwe mlima huo ndipo iteremke hadi kimo karibu kilekile ilikotoka.

Ni umeme kiasi gani? Hapa kuna ulinganifu unaonifurahisha kila mara. Uniti moja ya umeme, kama pampu isingepoteza chochote, inainua tani moja ya maji mita 367. Tani moja ya maji ni uniti moja ya bili ya maji. Kwa hiyo kutoka ziwani hadi Singida ni, kwa makadirio, uniti moja ya umeme kwa uniti moja ya maji. Pampu halisi hupoteza, na msuguano wa mamia ya kilomita za bomba unakula chake, hivyo sema uniti moja na nusu, au mbili. Uniti zangu 14 za mwezi uliopita, kama zingetoka huko, zingekuwa na uniti 20 na zaidi za umeme ndani yake, kabla sijaweka birika jikoni. Na zile lita 4,000 za tundu la njiti ya kiberiti zingekuwa zimepanda Sekenke ili zilowanishe mtaro.

Nikiwa naandika haya, mafundi wamepita ng'ambo. Mama wa vitumbua amevutiwa bomba. Koki moja uani, juu ya kipande cha zege, na dira yake ndani ya kisanduku cha chuma. Watoto walifungua na kufunga hadi akawafukuza. Mwezi wa kwanza akaniletea simu nimsomee ujumbe: uniti 11. Tukapiga hesabu pamoja juu ya mfuko wa unga. Lita 11,000, siku 30, watu 6. Lita 61 kwa kila mtu, mara 3 ya alizokuwa akitumia, na nyumbani kwake hajaongezeka mtu hata mmoja. Akashangaa, akasema basi ni kufua tu, siku hizi shuka zinafuliwa kila wiki, na yule kijana wa mkokoteni hamlipi tena.

Juzi nimeona amelima kipande kidogo chini ya koki, pale maji yanapomwagikia. Amepanda mchicha.